Kutoka Ngarambe hadi Rangi Tatu: mji uliojengwa na wanaorudi kwao

Kila unapozuka mjadala wa msongamano wa Dar es Salaam, lawama humwangukia mtu yuleyule: kijana wa mkoani aliyeacha jembe akakimbilia mjini. Husemwa kwamba ndiye aliyejaza mabonde nyumba zisizopimwa, ndiye anayetandaza bidhaa kando ya barabara, na kwamba laiti angebaki kwao mji ungepumua. Makala haya yanapingana na lawama hiyo kwa kuifuata njia moja tu: Barabara ya Kilwa, inayoanzia karibu na Kariakoo na bandari, ikapita Temeke na Mbagala, ikaingia Mkuranga, Kibiti na Ikwiriri, hadi zinapoanza njia za vumbi za kuelekea Utete na Ngarambe. Watu wa njia hii wamekuwa wakiingia na kutoka Dar es Salaam tangu mji ungali na mitaa ya kuhesabika. Wameishi kwa makao mawili, ya shamba na ya mjini, na kwa kwenda na kurudi huko wameujenga mji tunaowaambia wauache. Kipya katika zama zetu, na ndicho kinachostahili kutukosesha usingizi, ni kwamba njia ya kurudi inazibwa.

Tuanze na Ngarambe yenyewe, maana historia yake inaigeuza picha tuliyoizoea. Kijiji hiki kiko kusini mwa Mto Rufiji, jirani na lililokuwa Pori la Akiba la Selous, ambalo sehemu yake kubwa tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Anayekitazama leo kwenye ramani hudhani ni mwisho wa njia. Lakini mwaka 1904 na nusu ya kwanza ya 1905, huku ndiko watu walikokuwa wakienda. Kinjikitile Ngwale, aliyesemekana kuchukuliwa na pepo Hongo, akazama majini na kuibuka siku ya pili nguo zikiwa kavu, alianza kutoa maji ya dawa na kuhubiri umoja wa Waafrika dhidi ya Wajerumani. Wamatumbi, Wakichi, Wangindo, Warufiji na Wazaramo walikwenda kwake makundi kwa makundi, wakalala, wakapikiana, wakasikilizana, kisha wakarudi kwao na habari. Mwishoni mwa Julai 1905 vita vikaanza Nandete, katika milima ya Matumbi, kwa kung'oa pamba ya lazima. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile akanyongwa Mohoro. Ebrahim Hussein alipoandika tamthilia yake ya Kinjeketile mwaka 1969, aliwapa wasomaji mtu mmoja na shaka zake. Mimi nataka tuutazame mkusanyiko wenyewe. Watu wa makabila mbalimbali walikutana pahali pamoja kwa hiari, kila mmoja akiwa na kwake pa kurudi. Hali hiyo sisi huihesabu kuwa tabia ya mji, na Ngarambe iliijua wakati ambapo serikali ya Mjerumani, iliyokuwa na makao yake Dar es Salaam, haikujua kinachopangwa.

Kutembea huku hakukuanza na vita. Mto Rufiji uliwafundisha watu wake kutokaa mahali pamoja mwaka mzima. Mafuriko yaliposhuka yaliacha udongo mweusi wenye unyevu, na juu yake yakapandwa mahindi, mboga na pamba za mlao, yaani mazao yanayokua kwa unyevu ulioachwa na maji yanapopungua. Mpunga ulitaka bonde wakati wa mafuriko, nyumba ikataka mwinuko. Ndiyo maana familia ilikuwa na nyumba juu na dungu bondeni, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, ambamo mama na watoto walihamia kwa miezi ili kuwafukuza ndege, nguruwe na viboko, huku maji yakipita chini ya sakafu ya fito. Upande wa delta, kuanzia Mbwera hadi Twasalie, mtu aliongeza na makao ya tatu, dago la wavuvi au la wakata mikoko. Hakuna aliyesema kwamba anayelala dunguni ameihama nyumba yake. Ukiielewa hali hii, utaielewa pia namna Mrufiji alivyokitazama chumba cha kupanga Temeke: lilikuwa dungu jingine, la kulinda zao jingine.

Serikali, hata iliyokuwa yetu wenyewe, iliona taabu kukubali maisha ya namna hiyo. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968, watu wa bondeni walihamishwa katika kile kilichoitwa Operesheni Rufiji, wakapangwa kwenye vijiji vya ujamaa vya nyanda za juu. Nia ilikuwa njema: kuwaokoa na maji, kuwapa shule, zahanati na visima. Yako yaliyopatikana, na si haki kuyabeza. Lakini mpango ulidhani kwamba mtu huwa na makao mamoja, ya hatari au ya usalama, na kwamba ukimhamishia ya pili umemaliza kazi. Mashamba yalibaki bondeni, nyumba zikawa mbali nayo, na wanyama waharibifu wakajipatia mpunga usio na mlinzi. Wengi wakarudi madunguni kimyakimya. Wengine wakaona kwamba ikiwa lazima kutembea mwendo mrefu kutoka nyumbani kwenda kwenye riziki, afadhali kutembea hadi barabara kuu na kupanda gari.

Turudi sasa mjini, kwa kuwa wapo wanaodhani uhusiano wa delta na Dar es Salaam ulianza na basi. Ulianza na jahazi. Mikoko ya delta ya Rufiji, karibu hekta 53,000, ndiyo msitu mkubwa kuliko yote ya aina yake katika Afrika Mashariki, na Wajerumani waliutangaza kuwa hifadhi mwaka 1898 kwa sababu walijua thamani ya miti yake. Mkoko, mkandaa na msinzi vilikatwa, vikachambuliwa kwa unene, nguzo, boriti, mazio, pau na fito, vikafungwa kwa korja ya ishirini ishirini na kupakiwa. Majahazi ya Waarabu yalivichukua hadi Ghuba. Alan Villiers, baharia kutoka Australia, alisafiri mwaka 1939 na jahazi la Kuwait lililoingia Rufiji kupakia boriti, na akaandika kitabu juu ya safari hiyo. Ghorofa za mawe za Zanzibar zimebebwa na boriti hizo, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba. Dar es Salaam nayo, katika mitaa ambayo ukoloni uliwatengea Waafrika, ilisimama juu ya nguzo na fito zilezile.

Hapa inafaa tuitazame kwa karibu nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, Ilala au Temeke ya zamani, kwa kuwa ndani yake mna hoja nzima. Mbele ni baraza, mahali pa kukaa na kuuza. Mlango unaingilia ukumbi mwembamba unaopita katikati hadi nyuma, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto. Nyuma ni uani, penye jiko, choo, bafu na mtungi wa maji. Nguzo za mkoko zimesimikwa ardhini, fito zimefungwa kwa kamba pande zote mbili, katikati pamejazwa udongo na kokoto, juu paa la makuti, baadaye madebe yaliyokunjuliwa, kisha mabati. Nyumba hii ilijengwa chumba kwa chumba, kadiri fedha ilivyopatikana, na ilipokuwa tayari mwenyewe alikaa chumba kimoja na kupangisha vitano. Wa kupanga hakutafutwa kwa tangazo. Alikuwa mpwa, shemeji au mtu wa kijiji cha jirani aliyefika na mzigo wake wa mchele na jina la mtu wa kumwulizia. Serikali ya kikoloni haikuwahi kujenga nyumba za kuwatosha Waafrika wa mji huu, ambao sensa ya 1957 iliukuta na watu zaidi ya 128,000 kwa jumla. Waliolala ndani walilala kwa sababu nyumba za vyumba sita zilikuwapo na ukoo ulikuwapo.

J. A. K. Leslie, ofisa wa kikoloni aliyefanya uchunguzi wa kina wa mji huo katika miaka hiyo na kuuchapisha 1963, aliwakuta Warufiji miongoni mwa makundi makubwa ya wakazi, wakiwafuata Wazaramo, wenyeji wa eneo. Kariakoo, mtaa uliopewa jina na kikosi cha wapagazi wa Waingereza wa Vita ya Kwanza ya Dunia, una barabara iitwayo Rufiji mpaka leo, na jirani yake iko ya Mafia. Hizi si kumbukumbu za wageni waliopita. Waliotoka Rufiji walifanya kazi za bandarini, walibeba mizigo sokoni, waliuza mikeka, samaki na mbao, na msimu wa mpunga ulipofika wengi waliondoka. Waajiri wa kizungu walilalamika kwamba Mwafrika wa pwani hatulii kazini. Hawakuona kwamba alikuwa anatulia katika kazi mbili.

Ndipo likaja jaribio la kuwarudisha kwa nguvu, na ni jaribio lililorudiwa mno kiasi kwamba tungepaswa kuwa tumejifunza. Waingereza walikuwa na sheria za kuwaondoa mjini wale waliowaita wasiotakikana, wakawakamata wasio na kazi ya mshahara na kuwapakia kuwarudisha kwao. Baada ya uhuru, misako ikaendelea kwa majina mapya. Mwaka 1976 ilikuwapo kampeni ya kila mtu afanye kazi, na 1983 ikapitishwa sheria iliyojulikana kwa jina la Nguvu Kazi. Wasio na vitambulisho vya ajira walikusanywa na kupelekwa vijijini au kwenye mashamba. Sina shaka kwamba baadhi ya viongozi waliamini kwa dhati kuwa wanaokoa kilimo. Matokeo tunayajua kwa takwimu za serikali yenyewe. Sensa ya 1967 ilihesabu watu 272,821 Dar es Salaam. Ya 1978 ikahesabu 843,090. Ya 1988 ikafika 1,360,850. Waliopelekwa walirudi, baadhi kabla ya lori lililowapeleka. Kosa la misako lilikuwa ileile dhana ya makao mamoja. Ilimchukua kinyozi wa Ilala mwenye shamba Mohoro ikamwita mzururaji, ingawa mwaka uleule alikuwa amelima, amevuna na ameuza.

Kwa miaka mingi kizuizi cha kweli kwenye njia hii kilikuwa mto. Pantoni la Ndundu lilipoharibika au maji yalipojaa, magari yalilala ng'ambo siku kadhaa, abiria wakila walichobeba. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu mita 970, lilipofunguliwa 2003, na lami ikazidi kusogea kuelekea Lindi katika miaka iliyofuata, safari ya siku nzima ikawa ya saa chache. Rangi Tatu, Mbagala, ndipo unapoyaona matokeo kwa macho. Magari yanayotoka kusini hushusha mchele, nazi, korosho, embe za msimu, kamba wakavu kwenye ndoo na mikeka iliyoviringishwa. Yanayokwenda kusini hupakia magodoro, mabati, madumu ya mafuta ya kupikia, sare za shule, simu zilizotengenezwa, na mara nyingine maiti anayekwenda kuzikwa kwao. Hesabu ya mizigo hiyo haimo katika kitabu chochote cha pato la taifa, lakini ndiyo inayoeleza kwa nini vijiji vya Kibiti vina nyumba za bati zilizojengwa kwa fedha za mama lishe, na kwa nini chumba cha Mbagala kinaweza kustahimili mwezi usio na kibarua: mchele wa kule upo.

Mitaa nayo imehama. Kariakoo ya nyumba za vyumba sita imekwisha geuka msitu wa maghorofa ya maduka. Tangu biashara ilipofunguliwa miaka ya 1980, kiwanja kilichorithiwa na watoto wanane kilipata mnunuzi ambaye fedha yake haikuweza kukataliwa, au mjenzi aliyewaahidi wenyewe maduka mawili chini. Wengi wa warithi wakasogea Mbagala, Charambe, Chamazi, kisha Vikindu na Mwandege, ambako fedha ya kiwanja kimoja ilijenga nyumba tatu. Tazama upande waliosogea: ni upande wa kwao. Takwimu zinaeleza jambo hilohilo kwa ukubwa. Kati ya sensa ya 2012 na ya 2022, Dar es Salaam ilitoka watu 4,364,541 hadi 5,383,728, ongezeko la chini ya robo. Mkoa wa Pwani, unaoizunguka, ulitoka 1,098,668 hadi 2,024,947, karibu mara mbili katika miaka kumi. Kwa hiyo anayeuliza namna ya kuzuia watu wasiingie mjini anauliza swali la miaka ya sabini. Leo mji ndio unaotoka kwenda kwa watu, na swali la haki ni watakuwa na nini utakapowafikia.

Sasa nije kwenye kuzibwa kwa njia ya kurudi. Kuna kuzibwa kwa hofu. Kati ya Agosti 2002 na Aprili 2004 simba mmoja aliua watu wasiopungua 35 katika vijiji vya Rufiji, na wengi wa wakulima wa eneo hilo walikuwa wakilala mashambani kulinda mazao. Kisha yakaja mauaji ya 2016 na 2017 katika Kibiti, Mkuranga na Rufiji: wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji na askari waliuawa, askari wanane siku moja tarehe 13 Aprili 2017. Familia zilihama usiku, nyumba zikafungwa, mashamba yakaota magugu. Waliopokelewa Mbagala hawakuwa wametafuta mji. Walitafuta mahali pa kulala. Utulivu ulirejea, lakini si kila mlango ulifunguliwa tena.

Kuna kuzibwa kwa maji pia, na hapa pana uchungu wa pekee. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022, mtambo wa kwanza ukaanza kuzalisha umeme mapema 2024, na uwezo wake wote ni megawati 2,115. Umeme huo unaiangazia Dar es Salaam, na nchi iliuhitaji. Siungi mkono wanaolisema bwawa hili kama msiba mtupu. Lakini mto uliokuwa na mafuriko yake ya kawaida, yaliyoleta rutuba na kuonyesha wakati wa kupanda, sasa una ufunguo ulioshikwa na mtu mwingine. Aprili 2024 maji yalifunika mashamba na makazi ya Rufiji na Kibiti, Mohoro ikiwa miongoni mwa maeneo yaliyoumia, na mvutano ukazuka kama yalitoka mbinguni au bwawani. Serikali ilieleza kwamba mvua za mwaka ule zilizidi kiasi na kwamba bila bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi. Mwezi uliofuata kimbunga Hidaya kikakata Barabara ya Kilwa maeneo ya Somanga. Lolote litakaloonekana kuwa sahihi katika ubishi huo, mkulima wa mlao amepoteza kalenda yake, na mkulima asiye na kalenda hukaa mjini kusubiri habari.

Kuzibwa kwa tatu ndiko kubaya zaidi kwa kuwa hakupigi kelele: ardhi inabadilisha mikono. Wafugaji walioondolewa Usangu na Ihefu kuanzia 2006 walielekezwa na serikali Rufiji, Kilwa na Lindi pamoja na ng'ombe wao, na migogoro na wakulima ikafuata, ikiwamo vurugu za Ikwiriri za Mei 2012. Wafugaji hao nao ni watu waliofukuzwa kwao, na kuwafanya mbuzi wa kafara hakumsaidii mtu. Sambamba nao wamekuja wanunuzi wa hekari, wengi wao wakazi wa Dar es Salaam, wanaonunua kando ya barabara kwa bei ambayo mwenye shida haikatai. Tangu Kibiti ilipomegwa kutoka Rufiji na kuwa wilaya, mji wake mdogo una maduka ya vifaa vya ujenzi, nyumba za wageni na wafanyabiashara waliotoka kila pembe ya nchi. Hayo ni maendeleo. Ila ukiuliza mipaka ya shamba lililoachwa na marehemu babu, mara nyingi jibu linategemea nani yupo kijijini siku ile.

Yuko atakayenijibu kwamba naisifia hali inayoua vijiji. Atasema: nenda vijijini uone wazee na watoto, vijana hawapo, na mashamba ya minazi yanazeeka bila mpandaji. Hoja hii ina uzito, na siwezi kuifuta kwa takwimu. Sensa ya 2012 iliikuta wilaya ya Rufiji, Kibiti ikiwamo, na watu 217,274 tu katika eneo kubwa mno, wakati wilaya ya Temeke peke yake ilikuwa na 1,368,881. Lakini tuulize kijiji kinadhoofika lini. Kijana anapokwenda Mbagala na kurudi msimu wa palizi au mavuno, au akatuma fedha ya kulipia vibarua, kijiji hupoteza mikono kwa muda na kupata mtaji. Kinachodhoofisha ni yule asiyerudi, na mara nyingi harudi kwa sababu hakuna alichobakiziwa. Waliotaka kuviokoa vijiji kwa kuwafunga watu wasitoke walikuwa wanautibu ugonjwa kwa kuuzidisha.

Wengine, hasa wapangaji miji, wananiambia upande wa pili: kwamba mtu mwenye mguu mmoja shamba haujali mji, hujenga kwa muda, bondeni, bila kupima, na mvua zikija serikali ndiyo inayomwokoa. Mabonde ya Msimbazi na ya Mto Kizinga yanawapa ushahidi. Nawakubalia hatari, nawakatalia sababu. Aliyejenga bondeni alijenga hapo kwa sababu viwanja vilivyopimwa havikuwa vingi na bei yake haikuwa ya kuli wala mama lishe. Nyumba za vyumba sita za Temeke na Ilala zilijengwa na watu wa makao mawili, kwenye viwanja vilivyopangwa, na zikadumu vizazi. Mpeni mtu wa Kibiti kiwanja kilichopimwa Mkuranga kwa malipo ya awamu, kisha mhukumu uangalifu wake.

Limebaki pingamizi zito kuliko yote, nalo ni la wanakijiji wenyewe: kwa nini ardhi ilale ikimsubiri mtu anayekula Mbagala, ilhali jirani ana watoto saba na hana pa kulima? Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya 1999 inaliruhusu baraza la kijiji, baada ya kufuata taratibu za kutoa taarifa, kuihesabu ardhi kuwa imetelekezwa ikiwa haikukaliwa wala kutumiwa kwa muda usiopungua miaka mitano, ingawa kulilaza shamba ili lirudishe rutuba kunatambuliwa kuwa ni kulitumia. Naiona sheria hiyo ni ya haki. Haiwezekani mtu aliyeondoka kwa miaka ishirini bila habari amfungie jirani yake mlango. Lakini sheria hiyohiyo inaruhusu hati miliki ya kimila kutolewa kwa familia, si kwa mtu mmoja tu. Hapo ndipo ulipo ufumbuzi, na ni wa karatasi tu: shamba liandikwe kwa majina ya familia, walioko na waliotoka, aliyepo alitumie, akubaliane na ndugu zake mbele ya baraza, na anayerudi akute jina lake. Jirani asiye na ardhi naye akodishwe kwa maandishi, si kwa mdomo, ili asije akaitwa mvamizi. Halmashauri za Kibiti na Rufiji zinaweza kulifanya hili bila kusubiri sheria mpya, pamoja na mipango ya matumizi ya ardhi inayoonyesha wazi malisho ni yapi, mashamba ni yapi, na mapito ya tembo ni yapi. Ngarambe na Tapika, vilivyoungana katika jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori ya MUNGATA, vilishaonyesha kwamba vijiji vinaweza kuchora mipaka yao vyenyewe.

Upande wa mto, wanaoendesha bwawa wana deni linalolipika. Watoe ratiba ya kufungulia maji inayojulikana mapema, kwa Kiswahili, kwenye redio na kwenye mbao za matangazo za vijiji vya bondeni, na waiweke kuwa ahadi na si hisani. Na ikiwa mpango wa DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, wa kuyavuta maji ya Rufiji hadi Dar es Salaam utakamilika, watu wa Utete, Mohoro na delta wawe wa kwanza kuulizwa.

Na ndugu zangu mnaoishi Mbagala, Charambe, Chamazi na Vikindu, mliotoka Mbwera, Mchukwi, Bungu, Mohoro au Ngarambe: likizo ijayo mkienda kwenye Idd au kwenye jando la mtoto, msimalize siku zote kwenye sherehe. Nendeni ofisi ya kijiji, mwoneni mtendaji, ulizeni shamba la mzee limeandikwa kwa jina la nani, na jina lenu liandikwe palepale. Miaka mitano ya sheria haihesabiwi kwa kalenda ya Dar es Salaam.